Dola Isiyo na Mtani

Fridley, Minnesota
9 Oktoba 2005

Kwa mtani wangu Humphrey,

Mshauri ni mtu aliyeulizwa neno, akalitoa, kisha akaenda zake. Masharti ni matatu na hakuna hata moja linaloweza kuachwa: aulizwe, aseme, aondoke. Asiyeulizwa ni mdakuzi. Asiyesema ni mgeni tu. Na asiyeondoka, hata awe na barua yenye mihuri, ana jina jingine, ambalo kila lugha ya watu waliowahi kutawaliwa inalo. Nimetanguliza fasili kabla ya salamu kwa sababu Jumamosi iliyopita, sebuleni kwako, tulipokuwa tukimuaga Cyrus, ulilitumia neno hilo kila ulipopokea mgeni, kwa uchangamfu wa mtu ambaye hajawahi kulitazama kwa karibu.

Sasa salamu. Hujambo? Mama Cyrus hajambo? Goti lake linaupokeaje ubaridi huu? Mimi ni mzima, ila kiuno kinauma kwa sababu unayoijua: mlangoni kwako pana vigae, nami nililala juu yake kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Umenipelekea ujumbe kupitia jirani yako Peris kwamba nisikanyage tena kwenu Savage. Nieleze kosa. Mimi ni Mngoni, wewe ni Mhehe. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakafanya jambo la akili kuliko yote yaliyowahi kufanywa kusini mwa nchi yetu: wakapeana ruhusa ya kutukanana milele. Kwa ruhusa hiyo, Mhehe akifa, Mngoni huja msibani akajilaza mlangoni, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe jogoo. Humwigiza marehemu alivyotembea na alivyokuwa akikohoa, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Nilichofanya mimi ni kuisogeza haki yangu mbele kidogo. Mwanao alipobeba begi lake la kijeshi ili atoke, nikajilaza, nikadai jogoo.

Wageni waliacha kutafuna. Aliyeelewa ni Cyrus peke yake, au alijifanya kuelewa. Aliniletea mto wa kochi, akauweka chini ya kichwa changu, akaniambia kwa Kiingereza chake cha puani kwamba sakafu ina baridi. Kisha akatokea mlango wa gereji. Hivyo ndivyo dola hufanya, Humphrey. Ikizibiwa njia kwa kicheko, hutafuta gereji.

“Hawaendi kupigana,” uliwaambia wageni. “Wanakwenda Iraki kuwafundisha wenyeji wajilinde. Ni washauri.” Nimeutumia ujana wangu, na sasa utu uzima wangu, kutafuta siku ambayo dola kubwa iliamua kuingia katika vita vya kuvizia katika nchi ya mbali. Siku hiyo haimo katika maktaba yoyote. Kilichomo ni mlolongo wa maamuzi madogo, kila moja likiwa na adabu zake. Hupelekwa washauri. Washauri wanahitaji mahali pa kulala, mahali pa kulala panahitaji uzio, na uzio unahitaji walinzi. Walinzi wanapigwa risasi, na damu yao inakuwa sababu ambayo jana haikuwapo. Kuanzia hapo dola haipiganii tena kile kilichoipeleka. Inapigania ilichokwisha kupeleka.

Na safari hii imempeleka kijana niliyemfundisha kusoma Kiswahili kwenye meza yangu ya jikoni. Mwandikishaji wa jeshi alimkuta kwenye korido ya shule, akamwambia kwamba ana mabega mazuri. Baba yake anapiga makofi.

Mtani wako,
Imelda


Savage
27 Novemba 2005

Kwa Dakta Imelda,

Salamu. Sisi wazima. Goti la Mama Cyrus si juu yako.

Umeniomba nikueleze kosa, nami nitaeleza kwa ufupi, kwa kuwa mimi ni mfamasia na maelezo yangu huwa yanabandikwa kwenye chupa. Baba yangu alipofariki, Wangoni walifika kwetu Kalenga wakalala mlangoni, mmoja akavaa koti la marehemu akawa anagombeza kuku. Tulicheka na jogoo tulitoa. Lakini ndani ya nyumba palikuwa na maiti. Mtani huzuia jeneza. Wewe ulizuia mlango ambao hapakuwa na jeneza nyuma yake, na kwa Mhehe yeyote, kufanya hivyo ni kuliita.

Hujui lililotokea ulipokuwa umefumba macho. Peris aliacha sahani yake akakimbia. “Huyu mama ame-collapse! Nani ako na simu? Nipeni space nimcheki pulse!” Ukafumbua jicho moja ukamwambia, “Niache, mama, nipo kazini.” Kuna waliocheka. Mke wangu aliingia bafuni akafungulia maji ili asisikike, nasi tuliobaki tulisikia maji.

Cyrus ana miaka kumi na tisa. Aliniuliza, nikamwambia aamue mwenyewe. Unadhani sikuogopa? Lakini nchi hii imemlea, na amesema anataka kuitumikia. Wewe unaidharau kutoka ndani ya ofisi ya chuo uliyopewa nayo. Umeandika vitabu viwili juu ya vita, Imelda, na hujawahi kumpeleka mtu hata kituo cha basi. Asiyesafiri huona kila safari ni upumbavu.

Usiniandikie.

Baba Cyrus


Fridley
19 Machi 2006

Kwa mtani wangu Humphrey,

Nakuandikia, kwa sababu mtani hakatazwi. Hamjambo hapo nyumbani? Nasikia kikosi cha Cyrus kimekwishavuka bahari. Hapa theluji imeanza kuyeyuka, na yote ambayo majirani walidhani wameyazika tangu Novemba yanajitokeza kwenye nyasi.

Umenishutumu kwamba sijawahi kumpeleka mtu. Ni kweli, nami naliona hilo kuwa mafanikio yangu makubwa. Lakini tuache ya kwangu, tutazame ya kwenu. Mwaka 1891, pale Lugalo, babu zako waliteketeza safu ya Wajerumani iliyokuja kuwaadhibu. Kila mwenye akili timamu angesema: hawa watu hawatutaki, turudi pwani. Berlin haikusema hivyo. Kabla ya Lugalo, Uhehe ilikuwa jina kwenye ramani. Baada ya Lugalo palikuwa na makaburi ya Wajerumani Uhehe, na dola haiwezi kuacha makaburi yake bila mlinzi. Wakarudi, wakaibomoa ngome ya Kalenga, wakatangaza ushindi. Mkwawa, chifu wenu, akaingia porini, na ushindi huo ukawala miaka minne. Kila mwaka kulikuwa na afisa mwenye sharubu aliyeandika kwamba umebaki msimu mmoja. Wa leo wamenyoa sharubu, na sentensi ni ile ile.

Kinachonichosha si ukatili wa jambo hili bali umaskini wake wa akili. Ni kosa lile lile, linafanywa na watu waliosoma vitabu vinavyolieleza, nao wakivinukuu.

Nimejiuliza kwa nini sisi tulifaulu kumaliza vita vyetu na wao hawawezi. Jibu langu ni hili: Mngoni na Mhehe walipochoka, kila mmoja alimpa mwenzake kibali cha kumcheka uso kwa uso, hata siku ya msiba. Dola kubwa haina mtani. Ina washirika, ina maadui na ina wanaoiogopa, lakini hakuna hata mmoja mwenye haki ya kulala mlangoni pake akasema: rudi ndani, mjinga wee, unakwenda kufa kwa ajili ya uzio. Ndiyo maana nililala pale. Sikuliita jeneza. Nilikuwa nalifukuza.

Hili ulipaswa kulijua bila kuambiwa, mla mbwa, kama sisi Wangoni tunavyowaita Wahehe wote.

Mtani wako,
Imelda


Savage
14 Januari 2007

Mtani,

Hujambo? Sisi tupo.

Cyrus alikuwa arudi mwezi wa tatu. Juzi Mama Cyrus alikuwa anakunja nguo mbele ya televisheni, akasikia kwamba muda wa kikosi chao umeongezwa. Ni miezi minne tu, alisema yule wa televisheni. Cyrus mwenyewe alipiga simu kesho yake kutuambia jambo ambalo mama yake alikwishalilia usiku kucha. Nilimuuliza kama bado wanafundisha. Alisema, “Baba, tunalinda barabara ya kupitishia chakula chetu.”

Nikakumbuka uzio wako.

Sikuombi radhi wala sikusamehe. Nina swali moja tu. Umeeleza vizuri namna mambo haya yanavyoanza. Je, kitabu chako kina sura inayosema namna mtu mmoja anavyoweza kutolewa humo?

Baba Cyrus


Fridley
25 Februari 2007

Kwa mtani wangu Humphrey,

Mama Cyrus anaendeleaje? Mwambie nimepokea salamu zake kwa Peris, na kwamba maandazi yale nimeyala yote, nikiyasifia na kuyakosoa.

Swali lako limeninyima raha, kwa kuwa kitabu changu hakina sura hiyo. Lakini limetokea jambo. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa meja, ameniandikia kutoka kambi moja ya mafunzo huko kaskazini. Wanataka mtu awazungumzie maafisa kuhusu vita vya kuvizia katika Afrika ya Kijerumani. Ni saa moja tu. Miaka yote nimekuwa nikizitupa barua za namna hiyo. Hii nimeijibu, kwa sababu meja huyu anafahamiana na wakubwa wa kikosi cha Cyrus, na nilitaka nimtajie jina la mwanao ana kwa ana.

Nimerudi jana. Ungewaona! Maafisa ishirini wenye vikombe vya kahawa vikubwa kama ndoo, wakiandika kila ninachosema, hata nilipokohoa. Niliwaeleza Lugalo, wakatikisa vichwa kwa huruma, kana kwamba wao wangekuwa upande wa Wahehe. Niliwaeleza uzio na walinzi. Mmoja akasema, “Hilo linatuhusu kweli, mama,” akanywa kahawa yake. Kisha kanali wao akauliza swali pekee la maana kwao: “Mwishowe, Wahehe walishindwaje?”

Nilijibu. Ungetaka nijibu uongo? Nimewafukuza wanafunzi darasani kwa kupotosha kidogo kuliko hivyo. Nikasema: mashamba yalichomwa, vijiji vikahamishwa mbali na pori, na zawadi ikatangazwa kwa kichwa cha Mkwawa. Nikaongeza kwamba hapo hakuna ushindi, pana njaa. Sina hakika kama hiyo sentensi ya mwisho iliandikwa.

Meja amelichukua jina la Cyrus. Ameahidi kuulizia. Wameniomba nirudi Aprili, na nitarudi, kwa kuwa mtu hawezi kuomba jambo mara moja tu.

Mtani wako,
Imelda


Fridley
20 Mei 2007

Kwa mtani wangu Humphrey,

Hujambo? Hukunijibu ile ya Februari. Natumaini ni shughuli na si kisirani.

Kwanza habari njema: Cyrus amehamishwa kutoka barabarani, yuko ghalani. Sisemi ni mimi. Meja naye hasemi si mimi.

Nimekwenda kambini mara tatu. Wamenipa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, chenye picha ambayo marehemu mama yangu angeikana. Ile mihadhara yangu wameifanya kijitabu cha kurasa chache, na nilipokisoma nywele zilinisimama. Mashamba yaliyochomwa yamo. Njaa haimo. Sasa nieleze: ningeondoka hapo, nikiacha maneno yangu mikononi mwa watu wasiojua kusoma sentensi yenye vishazi viwili? Nimeomba nikisahihishe. Usahihishaji umezaa sura mpya, na sura mpya inataka mtu wa kuifundisha. Kila hatua naichukua kwa chuki na dharau ile ile. Usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Unajua wananiitaje? Mshauri. Nilicheka peke yangu garini mpaka mji wa Anoka.

Mtani wako,
Imelda


Savage
12 Agosti 2007

Mtani wangu Imelda,

Hujambo? Sisi hatujambo, na safari hii neno hilo nalisema kwa kinywa kizima. Cyrus amerudi. Ana viungo vyake vyote. Amekonda, anakaa gerejini mlango ukiwa wazi, akitazama barabara, na mama yake anampelekea wali huko huko. Ijumaa alikula sahani mbili. Mama Cyrus aliniambia nisimtazame akila, naye mwenyewe alikuwa anachungulia dirishani.

Ulichokuwa ukikitafuta kule kambini kimerudi nyumbani. Nakushukuru, na nasema hivyo bila utani. Nakuomba sasa uvue hicho kitambulisho, uje Savage Jumamosi ijayo. Tunachinja. Jogoo wako niliyekunyima tangu mwaka juzi yupo, ana hasira kama wewe.

Mtani wako,
Humphrey


Fridley
23 Septemba 2007

Kwa mtani wangu Humphrey,

Salamu kwenu nyote. Nisameheni kwa kutofika siku ile. Nilikuwa kambini, na kutoka huko simu haishiki.

Naandika kukuaga. Kuna mpango wa kupeleka wataalamu wa historia na desturi waishi pamoja na vikosi, wawaeleze maafisa juu ya watu wanaoishi nao, ili wasichome wasichopaswa kuchoma. Wameniteua niongoze kundi moja. Ni Iraki, miezi mitatu tu. Najua utakalosema, kwa hiyo nalisema kabla yako: Cyrus amekwisharudi, nami ninafuata nini? Nafuata kijitabu. Kina jina langu, kimo mifukoni mwa vijana wenye bunduki, na wanakisoma vibaya. Nikiondoka sasa, baya litakalofanyika kwa maneno yangu litafanyika pasipo mtu wa kulizuia. Kuondoka kungekuwa anasa.

Fasili yangu ya mshauri bado nimeishikilia. Nimeulizwa, nimesema. Sharti la tatu nitalitimiza nikirudi.

Chuo kimenipa ruhusa. Naondoka Jumamosi ya tarehe 6, asubuhi. Msije uwanja wa ndege. Sipendi kuagwa.

Mtani wako,
Imelda


Savage
14 Oktoba 2007

Mtani wangu Imelda,

Hujambo huko uliko? Mimi ni mzima, ila kiuno kinauma kwa sababu unayoijua.

Barua hii naituma Fridley, kwa kuwa anwani nyingine sina. Peris ana ufunguo uliomwachia, ataiweka mezani.

Ulisema tusije uwanja wa ndege, tukatii. Tulikuja mlangoni kwako. Cyrus ndiye aliyeendesha gari, na tangu daraja la barabara kuu ya 35W lianguke mtoni tunazunguka sana, nikaogopa tutakukosa. Nilibeba mto wangu mwenyewe, kwa kuwa mimi hujifunza. Nikajilaza kwenye korido yenu, mbele ya mlango wako, juu ya zulia linalonuka mbwa wa jirani yako. Nilikuwa na hakika utasema ndiyo maana Mhehe amepachagua. Hukusema.

Nililia kama inavyotakiwa. “Jamani, Imelda wetu yuko wapi! Aliyekuwa akitembea kama anayesahihisha barabara! Aliyekula maandazi akayapa alama!” Nikadai jogoo. Milango miwili ilifunguliwa, mama mmoja wa Kisomali akauliza kama kuna mtu amefiwa, nikamwambia ndiyo, mimi. Ukasimama kizingitini ukinitazama, koti umelivaa, kitambulisho kimening'inia. Kwa muda kidogo nilidhani umeanza kucheka. Mdomo ulikuwa tayari.

Kisha ukasema, “Humphrey, teksi inasubiri.” Ukalinyanyua sanduku, ukalipitisha juu yangu, ukaliweka upande wa pili, kwenye zulia. Ukashika pindo la koti, ukanivuka.

Katika maisha yangu sijasikia Mngoni aliyevuka mtani wake aliyelala. Wala Mhehe sijasikia. Hata Cyrus, aliyezaliwa hapa na hajui nusu ya mambo haya, hakukuvuka wewe. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, akaona yote. Tulipofika upande huu wa mto, ndipo akaniambia, kwa Kiswahili, ambacho hakitumii siku hizi hata akiombwa: “Baba, sisi tuna gereji. Shangazi ana mlango mmoja tu.” Sikujua kama anakutetea au anajitetea mwenyewe.

Tangu siku ile nalifikiria sanduku. Ulinifundisha kwamba dola haipiganii kilichoipeleka, inapigania ilichokwisha kupeleka. Nililiona hilo nikiwa chini, kwa macho yangu: sanduku lilitangulia, wewe ukalifuata. Dharau yako yote ulikuwa nayo, na akili yako yote, na mtani ulikuwa naye, amelala pale pale unaposema dola hukosa mtu. Halafu?

Kwa hiyo nakuuliza, wewe mwenye fasili, na usinijibu kwa kitabu: kama ningelidaka lile sanduku likabaki upande wako, ungebaki nalo?

Mtani wako,
Humphrey